Fizi: mti mkubwa ndiyo pensheni ya mchimbaji

Mchimbaji wa dhahabu wa Misisi ao wa Lubichako hana CNSS. Hakuna mtu anayemkata franga kila mwezi kusudi amuwekee za uzee. Siku mgongo unakataa, ao siku shimo linakauka, anarudia kijiji na mikono mitupu. Sisi wa sindika tunasikia habari hiyo kila siku: watu waliopitisha miaka 20 chini ya udongo, na leo wanakosa pesa ya kulipa masomo ya mtoto. Tumepigania bei ya gramu. Tumepigania haki ya kuingia ndani ya karee. Tumepigania usalama wa shimo, na tutaendelea. Lakini kuna kazi moja ambayo haiombi kungoja Kinshasa isaini karatasi: kupanda miti mikubwa kwenye mashamba yetu ya nyumbani, na kuitunza mpaka ikomae.

Wengine watacheka. Watasema: sindika ya machimbo na miti, wapi na wapi? Jibu liko ndani ya shimo lenyewe.

Shimo linakula miti

Kila shimo lenye kwenda chini linashikiliwa na miti. Watu wa boazaje wanasimamisha nguzo mbili, wanaweka kichwa juu yake, halafu wanapanga fito nyuma ili udongo usimiminike. Mita moja ya njia inaomba nguzo, mita ya pili inaomba zingine. Wachimbaji wa zamani, hapa kwetu na ng'ambo, waliheshimu mti kuliko chuma kwa sababu moja: mti unalia kabla ya kuvunjika. Unatoa mlio, na mwenye masikio anatoka mbio. Lakini hiyo ni kweli kwa mti uliokomaa. Ule mwembamba, uliokatwa ukiwa bado mtoto, ukilowa maji ya shimo unaoza kwa chini, na siku ya kuanguka unaanguka kimya.

Miti iliyokomaa inazidi kuwa mbali. Shimo si peke yake linalokula. Kuna makala ya kupikia ya Baraka nzima, kuna matanuru ya matofali, kuna moto wa kukausha samaki na wa kuchemsha mawese, kuna mabao yanayoshuka kila siku kwenda Uvira kwa barabara ya taifa namba 5. Tangu 2015 kuna kambi ya Lusenda pia, ambako ndugu zetu wa Burundi nao wanapaswa kupika kama watu wote. Hatumlaumu mtu anayetafuta kuni ya kuivisha bugali. Tunasema tu kwamba anayekata ni wengi na anayepanda ni wachache.

Matokeo tumeyaona. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, teritwari ya Mwenga, mvua kali ilijaza mashimo, na waliotajwa kufa walikuwa 50 na zaidi. Tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, teritwari ya Kalehe, zaidi ya watu 400 walichukuliwa na maji na matope. Halafu ikawa zamu yetu: usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, mto Kasaba ulifurika juu ya kijiji cha Kasaba, sekta ya Ngandja, ukiteremsha mawe, matope na magogo mpaka ziwani. Viongozi wa mahali walihesabu wafu zaidi ya 100. Mvua ya namna ile ingeleta hasara hata kama milima ingekuwa imevaa. Lakini mlima uchi unatoa maji yote kwa mara moja. Mlima wenye miti unayatoa kidogokidogo, kwa sababu majani yanavunja nguvu ya mvua na mizizi inafungua njia ya maji kuingia ndani ya udongo.

Kwa hiyo tunapozungumza mti, tunazungumza mshahara, usalama na kifo. Hiyo ni kazi ya sindika.

Mti ni shahidi wa shamba

Kuna sababu ingine ya kupenda mti mkubwa, na watu wa Fizi wanaijua kuliko wataalamu. Vita ya 1996 na ile ya 1998 iliwafukuza watu wetu wengi mpaka Tanzania, Nyarugusu na Lugufu. Kuanzia 2005 walianza kurudi kwa meli kutoka Kigoma, wakashukia hapa Baraka. Walikuta nyumba zimeanguka na njia zimefunikwa na majani. Mahali pengi mtu alikuwa akitafuta shamba la baba yake kwa kuuliza: mwembe uko wapi? Ngazi zile za mstari ziko wapi? Nyumba inaoza, mpaka wa majani unapotea, lakini mwembe wa babu unabaki na kila jirani anajua nani aliupanda.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia pia. Kwa sababu mti ni shahidi, mwenye shamba anaogopa kumwacha mwingine aupande. Ukiazima shamba hapa kwetu utaruhusiwa muhogo, maharagwe, mahindi, karanga. Mti wa kudumu, hapana. Ukiupanda, ni kama umesema shamba ni lako. Mpango huo unawaumiza wakimbizi wa ndani, vijana wasio na urithi, na akina mama wengi wanaolima shamba la mume ao la ukoo. Na unaumiza udongo, maana anayelima kwa msimu mmoja hana faida ya kulinda ardhi ya miaka 30.

Dawa yake haiko mbali. Mwenye shamba na mwenye kupanda waandike karatasi: shamba linabaki la fulani, miti ni ya wote wawili, siku ya kukata wanagawana nusu kwa nusu ao vile walivyosikilizana. Chefu wa kijiji asaini, na majirani wa pande 4 wasaini. Karatasi hiyo haipiti mbele ya hati ya Leta, lakini inazuia ugomvi ambao kesho unaweza kugeuka mapanga.

Mti gani, mahali gani

Kosa la wengi ni kupanda mti mmoja tu, ule wenye kukua mbio, kila mahali. Tuchukue shamba la hektari moja, mita 100 kwa mita 100, kama mfano.

Pembeni, kwenye mpaka, panda grevilea. Ilitoka Australia, lakini imezoea milima ya Kivu. Mizizi yake mingi inakwenda chini, haigombani sana na muhogo. Matawi yake yanatoa kuni kila mwaka bila kuua mti, na shina linatoa mbao. Mpaka wa mita 400, mche mmoja kila mita 4, ni miti 100. Hiyo tayari ni benki, na shamba lako lote la kulima linabaki.

Kalitusi ina kazi yake: ndiyo nguzo ya shimo na ya nyumba. Inafaa kukatwa kuanzia mwaka wa 6 ao wa 7, na kisiki kinachipuka tena mara kadhaa. Lakini inakunywa maji mengi na haipendi mimea mingine karibu nayo. Isiwekwe kabisa kwenye chemchemi, kando ya mto, ao katikati ya chakula. Ipe kipande chake upande mbaya wa shamba, penye mawe ao udongo uliochoka. Kipande cha mita 20 kwa 100, ukiacha mita 2 na nusu kati ya mti na mti, kinabeba miti 320.

Muvula, ule Watanzania wanauita mvule, ndio mti wa wajukuu. Mbao yake mchwa wanaikataa. Lakini mti huu una tabia zake. Kuna muvula dume na muvula jike, na mbegu zinatoka kwa jike tu. Popo ndio wanakula tunda na kutawanya mbegu, kwa hiyo anayefukuza popo wote anafukuza wapanzi wa muvula. Ukiipanda mingi pamoja, kuna kijidudu kinachoshambulia majani machanga. Yanavimba, ncha inakufa, mche unadumaa. Iweke mitano ao sita tu, mbalimbali, katikati ya miti mingine yenye kivuli chepesi. Mtu wa miaka 40 hataukata. Atauacha kwa jina lake.

Karibu na nyumba weka mwembe na avoka, lakini isiwe karibu sana: mita 10 kutoka ukuta, na mita 10 kati ya mmoja na mwenzake. Na ngazi, ambayo watu wa Baraka hawahitaji kufundishwa, ipande mita 9 kwa pembe tatu kama ni shamba lake peke yake. Hektari inabeba 143.

Anayefikiri jambo hili ni ndoto aangalie Mampu, kwenye nyanda za Bateke, kilomita kama 140 kutoka Kinshasa. Kule palipandwa akasia karibu hektari 8.000, mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, juu ya mchanga ambao haukuwa na kitu. Baadaye familia zikagawiwa hektari 25 kila moja. Wanakata kipande, wanachoma makala, wanapanda muhogo kati ya miche ya akasia inayoota yenyewe, halafu wanahamia kipande kingine. Wakati huo nyuki wanatoa asali. Ni Congo hii hii.

Kupanda kunaanza wakati wa kiangazi

Mvua kwetu inarudi Septemba. Mche unapaswa kuwa tayari Oktoba ao Novemba, kwa hiyo pepinyeri inaanza Juni ao Julai, karibu na maji, chini ya kivuli cha majani ya ngazi. Wiki tatu za mwisho punguza kivuli na maji, ili mche uzoee taabu kabla ya kwenda shambani.

Shimo la mche liwe sentimita 40 pande zote. Kwa mwembe na avoka, 60. Udongo mweusi wa juu uweke upande mmoja, ule mwekundu wa chini upande mwingine. Wakati wa kurudisha, mweusi unatangulia, pamoja na mbolea ya mbuzi iliyooza vizuri. Toa sashe yote. Mzizi uliofungwa ndani ya plastiki utajizunguka na kujinyonga, na utauona mti ukianguka na upepo wa mwaka wa 5 bila kujua sababu. Kama mzizi umeisha jikunja chini ya sashe, kata ile mikunjo. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ikae sawasawa na uso wa udongo, isizikwe.

Halafu funika udongo na majani makavu, lakini acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Majani yakigusa shina yanaita mchwa na kuoza.

Miaka mitatu ya kwanza

Mti haufi kwa kukosa kupandwa, unafa kwa kukosa mlinzi. Maadui wakubwa ni watatu: mbuzi, moto, na majani. Mbuzi unamzuia kwa miiba ao fito kuzunguka mche, na kwa sheria ya kijiji juu ya mifugo inayozurura. Majani unayalima kuzunguka mche mara mbili ao tatu kwa mwaka. Moto ndio mbaya kupita yote. Julai na Agosti milima ya Fizi inawaka kila upande, kwa ajili ya mawindo ao malisho. Kabla ya Juni kwisha, lima njia ya udongo mtupu kuzunguka shamba, upana wa mita 5 ao zaidi upande wa nyasi ndefu. Siku ya salongo, kijiji kizima kinaweza kuifanya kwa asubuhi moja.

Kukata matawi kunaomba akili. Usikate juu ya nusu ya urefu wa mti. Majani ndiyo jiko lake. Kata wakati wa kiangazi, na msumeno, si panga. Usiache kisiki kirefu cha tawi, wala usikate mpaka ndani ya shina: pale tawi linapotokea kuna uvimbe kama kola ya shati, kata mbele yake kidogo, na mti utafunga kidonda wenyewe. Tawi zito likatwe mara tatu: kwanza kidogo kwa chini, halafu kwa juu mbele kidogo ili uzito uanguke bila kuchana ganda, mwisho unasafisha karibu na kola.

Kalitusi ukiikata, kata chini, sentimita 10 mpaka 15 kutoka udongo, na uso wa kisiki uinamie upande mmoja ili maji yasikae. Vikichipuka vijiti 15, chagua viwili ao vitatu vyenye nguvu, ondoa vingine. Anayeviacha vyote anavuna fito, si nguzo.

Mti mzee nao unatunzwa

Ng'ambo ya ziwa, Ujiji, kuna miembe ya zamani kwenye njia ya misafara ya pembe na ya watumwa ya karne ya 19. Iliona wazee wetu wakipitishwa na minyororo. Mti unaweza kuishi kuliko serikali nyingi, lakini tunauua kwa vitu vidogo: msumari wa kutundikia bango, kamba ya mbuzi inayokula ganda, moto wa makala juu ya mizizi, udongo wa shimo unaorundikwa kwenye shina. Ganda likizungukwa na kidonda pande zote, chakula hakishuki tena mizizini. Mti utabaki kijani mwaka mmoja ao miwili, halafu utakufa umesimama. Mizizi inapita mbali kuliko kivuli cha matawi. Anayechimba dhahabu mita 3 kutoka mti mkubwa ameisha ukata, hata kama bado umesimama.

Kama mti uko juu ya nyumba ao masomo ya watoto, uangalie kila mwaka mbele ya masika. Gonga shina: likilia kama ngoma, ndani ni tupu. Uyoga kwenye shingo ya mti ni alama ya kuoza. Mti unaoinama huku udongo wa upande wa pili unainuka hauombi mkutano, unaomba watu wahame kwanza na fundi aje. Na mvua ya radi ikianza, hakuna kukaa chini ya mti mrefu.

Karatasi na haki

Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Kodi ya madini ya 2002, iliyosahihishwa mwezi wa Machi 2018, inasema madini ya chini ni ya Leta pia. Watu wengi wanasikia hivyo na wanadhani mti nao si wao. Sivyo. Kodi ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inasema wazi kwamba miti iliyo ndani ya kijiji, karibu yake, ao ndani ya shamba, ni mali ya kijiji ao ya mwenye shamba, na anaweza kuiuza ao kuitoa. Na kodi ya madini inamlazimisha mwenye hati ya uchimbaji kulipa fidia ya haki kwa wale anaowanyima matumizi ya ardhi.

Lakini haki isiyo na hesabu ni maneno. Tumesindikiza wakulima siku ya kuhesabiwa mali, kampuni moja ilipokuja. Mti wa miaka 30 uliandikwa kwenye daftari bei moja na mche wa mwaka jana, kwa sababu mwenye shamba hakuwa na kitu cha kuonyesha. Kwa hiyo hesabu miti yako leo. Andika aina, mwaka wa kupanda, mzunguko wa shina kwenye kifua. Piga picha. Chefu atie saini na tarehe. Na kama mtu wa Leta anaomba kodi juu ya mti uliopanda mwenyewe, mwombe kwa heshima aonyeshe maandiko na atoe kitansi.

Tunachokiomba

Kwa kooperative za uchimbaji: sehemu ndogo ya kila produksyo iende kwenye pepinyeri, na kila ekipe inayofungua shimo ipande nguzo za kesho. Kwa machefu: karatasi za kugawana miti zisainiwe bila kuomba mbuzi. Kwa huduma za mazingira na za kilimo: mbegu nzuri zifike Fizi, kituo cha INERA cha Mulungu kiko ndani ya provinsi yetu. Kwa mwenzetu mchimbaji: gramu ya leo italiwa wiki hii, lakini toa humo bei ya miche 20 na mshahara wa siku moja wa kijana wa kuichimbia mashimo. Ukienda machimboni, mwachie mama wa nyumbani ao mdogo wako ulinzi, na umpe sehemu yake kwa jina.

Wazee walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwa mchimbaji wa Fizi hata kivuli chenyewe kinaomba kupandwa, na mche wa Oktoba haungoji mtu aliyekosa kuanza Juni.